Mandreni chini ya kitanda, na maswali mengine ya karakana ya nyumbani

Tangu niliposimulia kwamba nina mashine ya kukereza, turu kama tunavyoiita hapa Goma, ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya nyumba yangu Majengo, simu yangu haipumziki. Wachache wanauliza namna ya kukereza. Wengi wanauliza pa kuweka vitu, na wana haki. Turu yenyewe hukaa mahali pamoja miaka yote. Wanawe ndio wanaojaza nyumba: mandreni (ile duara nzito yenye taya tatu inayoshika kazi mbele ya turu), keekee, taro (vyuma vya kukatia hesi, ile mifereji ya boliti, ndani ya tundu), tupa, gia za kubadilisha, visu vya kukerezea, na lile kopo la vyuma ambavyo hakuna anayejua ni vya nini wala anayethubutu kuvitupa. Kibanda changu ni mita tatu kwa nne, kwa hiyo nitakayosema hapa nimeyapima kwa viwiko vyangu mwenyewe.

Papa Fundi, jambo. Niko na turu ndogo na sanduku moja kubwa la chuma. Kila kazi ninamwaga sanduku lote chini ndipo nipate ninachotafuta. Nataka kununua kabati la droo. Ninunue la droo ngapi? (Kijana wa Ndosho)

Usinunue kwanza. Kabati likija kabla hujajua mikono yako inaelekea wapi, utakuwa umeihamisha fujo ileile kutoka sakafuni na kuipandisha ghorofani.

Fanya hivi. Chagua kazi moja ya kawaida, tuseme tundu lenye hesi ya M8, yaani la boliti ya milimita nane, kwenye kipande cha chuma, uifanye mwanzo mpaka mwisho huku mtu mwingine akiandika kila unachonyanyua. Mimi aliniandikia binti yangu. Karatasi yake ilikuwa hivi: msumari wa kutia alama na nyundo, keekee fupi ya kuanzia, keekee ya 6,8, ile ya kupanua mdomo wa tundu, taro tatu, mpini wa taro, mafuta, brashi. Chini kabisa akaongeza kwa hiari yake: "Papa ametembea mara kumi na moja." Ndani ya kibanda cha mita nne!

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimepanga kama muuza duka, keekee zote huku, taro zote kule, mipini yote ukutani. Muuza duka ana sababu yake, maana mteja huingia akiuliza keekee. Kazi haiulizi keekee. Kazi inauliza tundu la M8, na tundu la M8 linahitaji ndugu watano waliokuwa wakilala nyumba tano tofauti.

Siku hiyohiyo nikakata kipande cha mti mkavu, urefu wa kiganja na upana wa vidole vitatu. Nikatoboa matundu matano: taro ya kwanza, ya pili na ya tatu, keekee ya 6,8, na boliti moja safi ya M8 ya kujaribia hesi ikishakatwa. Ubavuni nikachoma kwa msumari wa moto: M8, 6,8. Sasa nikishika kipande hicho nimeshika kazi nzima. Ninacho kimoja kwa kila kipimo ninachotumia, nawe unaweza kunakili: M3 inataka keekee ya 2,5, M4 ya 3,3, M5 ya 4,2, M6 ya 5, M8 ya 6,8, M10 ya 8,5, M12 ya 10,2.

Angalia jambo moja hapo. Seti ya kawaida ya keekee, ile inayopanda kwa nusu milimita toka 1 hadi 13, ina vipande 25, lakini humo hamna 3,3 wala 4,2 wala 6,8 wala 10,2. Ndiyo maana watu hutoboa 6,5 kisha wanavunja taro ndani ya kazi ya mteja, au wanatoboa 7 na hesi inabaki nyembamba. Nenda sokoni Birere, nunua hizo nne mojamoja, mbilimbili ukiweza, na usizichanganye kamwe na seti. Zile ni mali ya taro.

Ishi hivyo mwezi mmoja halafu uhesabu. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nahitaji droo kumi na mbili. Zilitosha tano, zote za kina kifupi, sentimita tano au sita, ili vitu visipandane. Droo ya kina kirefu ni lile sanduku lako la chuma, limewekewa mpini tu.

Fundi, jambo. Baba Watoto ameleta mandreni mbili chumbani. Ziko chini ya kitanda, amezifunga kwa shuka langu. Anasema zikibaki nje wezi watazibeba. Mimi nimeshajigonga kidole cha mguu mara mbili. Mwambie. (Mama wa Katindo)

Mama, pole ya kidole. Kuhusu wezi, Baba Watoto hajakosea: mwizi hajui mandreni ni ya nini, lakini mnunuzi wa chuma chakavu anajua uzito wake. Kuhusu kitanda, sasa naongea naye.

Baba Watoto, mandreni ya milimita 160 ina kama kilo nane au tisa. Ya milimita 200 inafika kumi na tano na kupita. Hicho ni kitu cha duara, chenye mafuta, kisicho na mpini, nawe unakivuta kutoka chini ya kitanda ukiwa umepiga magoti, unakibeba mpaka uani, unakipandisha kifuani, ndipo ukifunge kwenye turu. Siku kitakapokuteleza hakitachagua kati ya mguu wako na reli za mashine, na reli ndizo zitakazokugharimu zaidi.

Mandreni ikae hatua moja kutoka kichwa cha turu, kwenye rafu nene, urefu wa nyonga. Urefu huo ndio siri: unaivuta kuelekea tumboni, unageuka, umefika. Huinamii wala hunyanyui juu ya kifua. Kando yake weka kibao cha kuipokea, kipande cha mti kilichochongwa kwa juu mfano wa mwezi mchanga, kinachokaa juu ya reli za turu. Mandreni inalala humo ikiwa imefika kimo cha kufungwa, vidole vyako viko salama, na reli hazipati kovu. Kibao hicho kisitumike kwa kazi nyingine yoyote, wala mama asikione karibu na jiko.

Taya za akiba zikae na mandreni yake, kwenye kisanduku kilichofungwa palepale. Kila taya ina namba, 1, 2, 3, na huingia kwa mpangilio huo. Tena zimesagwa kwa ajili ya mandreni hiyo na siyo ya jirani yake. Nimeona mtu mwenye mandreni mbili nzuri akachanganya taya, akabaki na mandreni mbili zinazoyumba.

Na wezi? Mandreni nyingi za turu zina tundu katikati. Pitisha mnyororo humo, uuzungushe kwenye nguzo ya kibanda, tia kufuli. Mwizi atakayeondoka nayo ataondoka na kibanda.

Mama, shuka nadhani limeshakuwa la karakana. Mdai jipya.

Mzee, msimu wa mvua naamka nakuta madoa ya kahawia kwenye kalipa ya kupimia, kwenye tupa, hata kwenye keekee mpya. Napaka mafuta yaliyotoka kwenye injini ya pikipiki lakini kutu inarudi. (Fundi wa Keshero, karibu na ziwa)

Msimu gani wa mvua, ndugu yangu? Hapa miezi isiyo na mvua unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki.

Tuanze na mahali maji yanapotoka, maana wengi wanalaumu mabati. Usiku chuma kinapoa. Asubuhi hewa inapata joto haraka, na hewa yetu ya kando ya ziwa imebeba maji. Ikigusa chuma kilichobaki baridi inaacha matone juu yake, kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Kitu kizito huchelewa kupata joto, ndiyo maana mandreni na jiliwa, ile eto ya mezani ya kubania kazi, hutangulia kulowa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuizuia hewa ya asubuhi isifike kwa ghafla. Droo ya tripleksi (plaiwudi) inayofunga vizuri inaishinda rafu ya wazi ya chuma. Ukiwa na umeme wa kuaminika, balbu ndogo ya ile aina inayotoa joto ndani ya kabati lililofungwa inatosha kuwaweka wote waliomo na joto kidogo kuliko hewa, na matone hayashiki.

Mafuta ya injini yaliyokwisha tumika yatupe mbali. Yamebeba asidi, maji na masizi kutoka ndani ya injini. Unailisha kutu halafu unashangaa inanenepa. Tumia mafuta mapya mepesi, kidogo sana, kwa kitambaa unachokiweka kwenye kopo lenye kifuniko. Pangusa kila ulichoshika kabla hujakirudisha, kwa sababu jasho nalo ni chumvi. Shemeji yangu ana jasho kali: akishika mikromita, kile kipimo cha unene, leo, kesho unaona juu yake alama za vidole vyake vyote, polisi wasingehitaji ushahidi mwingine.

Tupa usizipake mafuta hata kidogo. Zitateleza juu ya kazi na zitashika unga wa chuma katikati ya meno. Zisugue chaki nyeupe ya shule, na kila moja iwe na mfereji wake kwenye ubao. Tupa mbili zinazolaliana zinakatana meno bila wewe kuwepo.

Halafu ziangalie mbao ulizojengea droo. Hapa tunauziwa sana mkaratusi, mara nyingi ukiwa bado mbichi. Mbao hiyo ina tanini. Chuma kikiilalia ikiwa na unyevu kinaamka na doa jeusi la kibuluu ambalo halitoki kwa kupangusa. Ianike wiki kadhaa, uipake vanishi ndani na nje, ndipo uweke zana.

Wazee wa karakana huweka kipande cha kafuri kwenye sanduku la vipimo. Mimi ninacho, kimefungwa kwenye kitambaa, na droo hiyo haijaona kutu. Sifa naigawa nusu kwa nusu kati ya kafuri na mlango unaofunga. Harufu yake lakini! Jirani yangu Mwislamu aliingia akauliza nani amefariki.

Bado kuna vumbi letu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, na magari yakiyasaga yanatoa unga mweusi wenye makali. Ukitua juu ya chuma chenye mafuta unageuka msasa. Kwa hiyo vitu vyenye sehemu za kuteleza, kalipa, mikromita, kichwa cha kushikia keekee, vikae ndani ya kisanduku ndani ya droo. Spana, nyundo na koleo zining'inie ukutani zikitaka, haziumii. Mashine ya kunolea itoe nje ya kibanda kabisa, chini ya kipenu, maana unga wake ni ndugu wa unga wa barabara.

Mikromita, ile wazee wanaiita palmeri, usiihifadhi ikiwa imefungwa mpaka mwisho. Acha mwanya wa unene wa karatasi nne tano, ili nyuso zake mbili zisikae zimebanana na unyevu katikati. Na kwa upande wa joto ushukuru unapoishi: tangu 1931 vipimo vya ufundi duniani vimewekwa kwa joto la nyuzi 20, na Goma, mita 1.500 hivi juu ya bahari, siku nyingi haiko mbali na hapo. Weka tu droo ya vipimo mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Je, ule ukanda wa sumaku wa ukutani ni mzuri? (Fundi baiskeli, Mabanga)

Kwa spana na bisibisi, ndiyo. Kwa keekee, taro na vipimo, hapana: vinabaki na sumaku na kila unga wa chuma unavifuata mpaka ndani ya kazi.

Rafu yangu ilianguka wakati wa matetemeko ya 2021. Nimejenga nyingine na bado siiamini. (Mwalimu wa ufundi, Virunga)

Mwalimu, hapo tuko wengi. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, nami nilipoteza mikromita niliyoitunza kuliko saa yangu. Haikuanguka kwa kosa lake. Pembeni yake palikuwa na sanduku la tupa. Sanduku likatembea polepole mpaka ukingoni, likaangukia sakafuni likiwa wazi, na mikromita ikafuata ikatua juu ya tupa. Niliiokota ikisoma sehemu tatu za mia za milimita wakati imefungwa. Mpaka leo inaning'inia juu ya mlango kama pambo.

Nyumba zetu za mbao zina faida: zinayumba bila kuvunjika. Lakini ubao wa ukutani ni mwembamba, na msumari uliopigiliwa kwenye ubao peke yake unachomoka mtikisiko wa pili. Tafuta nguzo. Funga rafu kwenye nguzo kwa boliti iliyopita mpaka ng'ambo, yenye washa pana na nati, na ifungwe juu, siyo chini tu. Rafu huanguka kwa kichwa. Mbele ya kila ubao pigilia ukingo wa sentimita tatu. Droo ziwekee komeo la mti, kile kipande kinachozunguka kwenye skrubu moja, kwa sababu tetemeko hufungua droo kabla ya kuangusha kabati, na droo tano zikiwa wazi kabati linainamia mbele lenyewe.

Uzito wote ushuke chini ya nyonga. Huko juu ya kichwa mimi nimeweka kofia, ufagio na makopo matupu. Wenzetu wa Bukavu wanaokumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hawatahitaji kuelezwa.

Nina droo ya vitu vyenye mkia wa koni: senta, keekee kubwa, vipunguzio. Kila nikiivuta vinabingirika na kugongana. (Fundi wa Birere)

Vitoe leo. Koni iliyopata kovu dogo haikai tena sawasawa kwenye mashine, na keekee inayumba huku wewe unalaumu beringi.

Koni hizo zinaitwa za Morse kwa ajili ya Mmarekani Stephen Morse, aliyepata hataza ya keekee iliyosokotwa mwaka 1863, na zinapungua kama milimita moja kwa kila ishirini za urefu. Hilo ndilo linalorahisisha kazi yako. Namba 2 upande mnene ina milimita 17,78, na namba 3 ina 23,825. Chukua ubao mnene, toboa tundu za 17 kwa namba 2 na za 23 kwa namba 3, zipite mpaka chini ili vumbi lidondoke. Kila kitu kitasimama chenyewe, kikiwa kimejitokeza sentimita moja na nusu hivi, bila kubanwa na bila kugusa jirani. Tena ubao unakuwa kipimo: namba 2 ukiitia kwenye tundu la namba 3 inazama yote, hapo unajua bila kusoma maandishi yaliyofutika.

Pinsi za ER32 (vile vishikio vidogo vya kubana keekee au kazi, ER32 ni ukubwa wake) hivyohivyo, tundu za milimita 30. Seti ya 3 hadi 20 ni pinsi kumi na nane, moja kwa kila milimita. Zipange kwa mfuatano, na nati yake pamoja na ufunguo wake wa ndoano vikae mwishoni mwa ubao huohuo. Tundu tupu likikutazama jioni, usifunge kibanda.

Sina pesa ya kabati. Niko na boliti na nati ndoo nzima zimechanganyika. (Mwanafunzi wa mekanika, Mugunga)

Mwanangu, okota bidoni za mafuta za lita tano, zile zenye pembe nne na mpini. Zioshe kwa maji moto na sabuni mara mbili. Ilaze bidoni kwa ubavu wake mpana, mpini ukikutazama, kisha kata ubavu wa juu kwa kisu kikali, ukiacha ukingo wa vidole viwili kuzunguka pande zote. Ukikata mpaka ukutani bidoni inalegea na kupinda ikijaa. Umepata droo yenye mpini wake. Jenga rafu ya mbao zilizoachana kwa unene wa bidoni na vidole viwili zaidi, uzisukume ndani. Zangu kumi na nne zina miaka sita.

Lebo usiandike. Funga boliti moja ya ndani kwenye mpini kwa waya. Haifutiki wala haidanganyi.

Na usikae siku nzima kupanga ndoo, utachoka saa ya pili na kuichukia. Kila unapoingia ndani kutafuta boliti moja, toa kumi nyingine uziweke mahali pake. Panga kwa unene tu. Urefu jicho litauona. Lakini uwe na nati moja unayoiamini ya kila kipimo, ufunge nayo kabla ya kutia, kwa sababu humo ndani mna za inchi. Ya 5/16 ina milimita 7,94: kwa macho ni M8, kwa hesi siyo, nawe utagundua ikiwa imeshang'ang'ania.

Papa, tarehe 27 Mei 2021 tulipoambiwa tuondoke mjini mimi nilikimbia na watoto na nguo. Fundi mwenzangu alikimbia na jiliwa begani. Nani alikuwa na akili? (Mama fundi, Kyeshero)

Wewe, mama, na yeye anajua. Mpaka Sake, tulikoambiwa twende, ni zaidi ya kilomita ishirini, na jiliwa ni kitu ambacho hakitoroki nyumbani wala hakifi kwa wiki moja.

Hata hivyo siku ile ilinifundisha kupanga droo moja tofauti na nyingine zote. Ndani yake kuna vitu vyepesi, vya bei, ambavyo Goma havipatikani kwa siku moja: vipimo, vile vipande vya taro nilivyovieleza juu, visu vidogo, na daftari la kazi za wateja. Droo hiyo ina kifuniko na kamba ya begani. Nimeipima, kilo saba. Siku za kawaida ni droo kama nyingine, ndiyo ninayoifungua mara nyingi, kwa hiyo sihitaji kukumbuka kuijaza. Mnaojiuliza kuhusu chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, nilishazifikiria. Asubuhi ile kila chukudu niliyoiona ilikuwa na magodoro na bibi mmoja juu.

Ukipata dakika tano zaidi, zima umeme, paka reli za turu grisi nzito, funga mlango, nenda.

Mtoto wangu wa kazi husahau ufunguo ndani ya mandreni. Niufunge kwa kamba kwenye mashine? (Fundi wa Himbi)

Usifunge kamba! Kamba na kitu kinachozunguka ni ajali mbili. Kosa lake linaweza kumtoa mtu jicho, kwa hiyo mfundishe hivi: mkono haubanduki kwenye ufunguo mpaka ufunguo uwe umerudi nyumbani kwake. Nyumba hiyo iwe msumari mmoja juu ya swichi, na nyuma yake umbo la ufunguo limepakwa rangi nyekundu. Akinyoosha kidole kuwasha, ataona kama wekundu umefunikwa au la.

Lebo za droo niandike kwa Kifaransa tulichosomea au kwa Kiswahili? (Fundi wa Majengo, jirani yako)

Jirani, ungeweza kunipigia hodi. Palipo na kipimo andika namba peke yake, 6,8 inasomeka kwa lugha zote. Kwa yaliyobaki, droo yangu ya tatu niliiandika *forets*, binti yangu akafuta akaandika keekee, na mjukuu alipoona tunagombana akachora chini yake kitu alichokusudia kiwe keekee ila kilitoka konokono. Sasa nikimtuma mtu simwambii neno lolote kati ya yale mawili. Namwambia alete ya nane kutoka kwa konokono, na anarudi nayo.